Je, Wajua? Bahari Imeenda Wapi, na Maswali Mengine ya Watoto Wakiwa Unguja

Saa tano asubuhi, Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mpwa wangu wa miaka sita katoka mbio chumbani, boya kiunoni, miwani ya kuogelea usoni. Kafika ukingoni mwa mchanga, kasimama kama aliyeibiwa. "Mjomba, bahari imeenda wapi?" Mbele yetu palikuwa na mchanga, vidimbwi, safu za vigingi vya mwani na, mbali kabisa, uzi mweupe wa mawimbi yanayopiga mwamba. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu kivulini hakuinua hata kichwa. "Maji yamekupwa, baba. Ngojeni saa tisa."

Nilikuwa nimelipia chumba cha ufukweni, nikapata kiwanja cha mpira. Kosa lilikuwa langu. Niliuliza bei, nikauliza chai ya asubuhi, sikuuliza maji. Basi haya ya leo ni ya wazazi, wajomba na mashangazi wanaopanga kuvuka na watoto likizo hii.

Je, wajua kuwa ratiba ya bahari hiyo unaweza kuisoma angani? Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana, na tofauti ya kina hufika karibu mita 4. Siku hizo, Unguja, maji huwa juu karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na huwa chini kabisa karibu saa 4 asubuhi, yaani pale pale watoto wanapomaliza chai na kudai kuogelea. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayakupwi sana, na saa 4 asubuhi yanakuwa juu. Mwenye watoto wadogo anayetaka Paje, Bwejuu au Jambiani na achague wiki ya maji mafu. Kalenda ya Kiislamu ukutani inatosha: tarehe 7 au 8 ya mwezi, au tarehe 22 hivi.

Je, wajua kuwa kule Nungwi na Kendwa, ncha ya kaskazini, hutakimbiwa na maji namna hiyo? Ufukwe wake huzama haraka, hivyo watu huoga karibu saa zote. Lakini kina hicho hicho ndicho kinachokutaka usimwachie mtoto mkono. Kila sifa ya pwani ina deni lake.

Je, wajua kuwa maji yakikupwa ndipo mashariki kunapofunguka bustani bora ya wanyama kisiwani, tena isiyo na tiketi? Vaeni viatu vya plastiki, kwa sababu kuna viumbe vyeusi vya miiba ambavyo havina utani, kisha fuateni vidimbwi. Mtamkuta kiti cha pweza, yule wa mikono mitano. Jina hilo peke yake lilitosha kuwanyamazisha wapwa zangu dakika nzima, wakimtafuta pweza aliyetoka kwenye kiti chake. Mtazame majini hapo hapo alipo. Wageni humnyanyua juu wapigiwe picha naye, na kumbe anapumua ndani ya maji. Picha tano za simu zinaweza kuwa mwisho wake.

Pweza mwenyewe ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Ukiwaambia watoto hilo kabla ya chakula, usishangae sahani ya pweza wa nazi ikirudi nzima.

Je, wajua kuwa zile safu za vigingi si uzio? Ni mashamba. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, kamba hufungwa kwenye vigingi, bahari humwagilia yenyewe. Mwani hukaushwa, husafirishwa nje, na ute wake huingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu ili visiachane maji na mafuta. Mama mmoja alimpa mpwa wangu kipande akitafune. Alitema. "Hiyo ndiyo aiskrimu yako," akamwambia, akaendelea kufunga kamba.

Je, wajua kuwa gereza la Kisiwa cha Changuu halikuwahi kufunga mfungwa? Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa Sultani, ndiye aliyelijengesha katika miaka ya 1890. Kabla halijatumika likageuzwa mahali pa kuwaweka karantini abiria wa meli walioshukiwa kuwa na maradhi. Jina la "kisiwa cha wafungwa" limebaki. Wapiga debe wa boti wanalipenda kuliko Changuu, ambalo kwa haki ni jina la samaki.

Waliofungwa huko kweli ni kobe. Mwaka 1919 walikuja wanne kutoka Shelisheli, zawadi kwa serikali ya Kiingereza hapa. Ni wa jamii ya Aldabra, ambao dume lake linaweza kufika kilo 250, sawa na magunia mawili na nusu ya mahindi yenye miguu. Wizi uliwapunguza sana hadi miaka ya 1990, na leo wanalindwa uani. Mgongoni wameandikwa namba kwa rangi, na hiyo namba ni umri. Watoto wakishajua, hawatazami tena gereza: wanakimbia kutoka gamba hadi gamba wakitafuta aliye mkubwa kuliko babu, kisha kuliko babu wa babu. Wapo wanaohesabiwa kupita miaka 150.

Siri ya kobe hawa ni shingo. Mkune taratibu chini ya kidevu, naye hunyoosha shingo, akainuka juu ya miguu yake minne na kusimama hivyo, macho nusu, kama mzee aliyeletewa kahawa. Mchicha wa kuwalisha unapatikana hapo hapo. Kumpanda mgongoni hakuna. Niliona baba mzima akijaribu, mlinzi akamwita, akashuka mbele ya watoto wake. Boti ni mwendo wa nusu saa hivi kutoka Mji Mkongwe. Patana bei kabla hujapanda, si katikati ya bahari.

Je, wajua kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa mbele ya bustani ya Forodhani? Ilikuwa tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, Khalid bin Barghash akaingia kwenye jumba bila idhini ya Waingereza, nao wakampa muda wa mwisho: saa 3 asubuhi. Dakika chache baada ya saa 3 manowari zikaanza kupiga. Wengine huhesabu dakika 38, wengine 45. Kwa mtoto wa mpira inaeleweka hivi: hata mapumziko hayakufika. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Kijerumani, kisha akavushwa hadi Dar es Salaam. Ila kwenye jumba walikufa na kujeruhiwa mamia ya watu, na mtoto mkubwa anaweza kuambiwa hilo pia.

Hapo hapo kando yupo mzee mwingine wa mji, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Ajabu zake zilikuwa umeme na lifti, vitu ambavyo mji haukuwa navyo. Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa katika matengenezo na watu wawili wakafariki. Ulizia hali yake kabla hujawaahidi watoto kuingia.

Je, wajua kuwa mlango wa Unguja unaweza kukwambia asili ya aliyeujenga? Ule wenye upinde juu na njumu za shaba zilizochongoka una asili ya Kihindi. Kule Bara Hindi miiba hiyo ilikuwa ya kumzuia tembo asisukume mlango. Unguja hakukuwa na tembo wa kusukuma milango, lakini urembo ukishavuka bahari hauulizi sababu. Ule wa pembe nne, wenye nakshi kwenye kizingiti cha juu, ni wa Kiarabu. Tafuteni samaki, mnyororo, na ua la yungiyungi. Wape watoto daftari, kila mlango wenye samaki alama moja, na vichochoro vya Mji Mkongwe vitakwenda nusu siku bila mtu kulalamikia miguu. Hata mkipotea si neno, kichochoro kitakutoa baharini au Darajani. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lakini pia ni nyumba za watu wanaoishi: bikini ibaki ufukweni, na mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingiza kamera.

Je, wajua kuwa treni ilikuwa ikipita kwenye mitaa hiyo? Reli ya Bububu ilifunguliwa mwaka 1905. Wapo wanaosema jina la Bububu ni sauti ya treni, wapo wanaosema ni chemchemi inayobubujika. Mwulize dereva wa daladala, utapata jibu la tatu.

Je, wajua kuwa Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, alizaliwa hapa mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara? Kuna jumba dogo la makumbusho yake Shangani. Watoto wa leo hawamjui. Hapa ni pa kumpeleka baba.

Forodhani yenyewe ingojeeni jua lizame. Kabla ya hapo vijana hupiga mbizi kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitaka kumzidi mwenzake kwa mkogo, na hiyo ni sarakasi ya bure. Baadaye taa huwashwa, mkaa hukolea. Pizza ya Zanzibar si pizza: ni chapati nyembamba ya kuvutwa, inawekwa kima, kitunguu na yai, inakunjwa bahasha na kukaangwa mbele yako. Juisi ya miwa hukamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, na watoto hupenda zaidi mashine kuliko juisi. Urojo nauandika pole pole kwa sababu nina njaa: mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa embe au ndimu, ndani yake bajia, kachori, viazi, chatini ya nazi, na juu chipsi za muhogo zinazolia mdomoni. Kwa mtoto agizia pilipili pembeni. Kwenye Ramadhani mchana hakuna kitu. Baada ya futari utafikiri kisiwa kizima kimeamka.

Je, wajua kuwa karafuu ni ua lililonyimwa nafasi ya kuchanua? Huchumwa likiwa bado tumba. Likichanua limepoteza thamani. Mti wenyewe si wa kwetu. Ulitoka visiwa vya Maluku huko Asia na kufika hapa mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said akaamuru wenye mashamba waipande kwa wingi, na jasho lililoikuza lilikuwa la watumwa. Leo karafuu nyingi zinatoka Pemba, na msimu ukiwa mzuri unazinusa zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi kabla hujaziona.

Shamba la viungo ndipo watoto wa mjini hugundua kuwa vitu vya kabatini vina miti. Mdalasini ni gome, na mzizi wake hunuka kama dawa ya mafua. Kungumanga ukilipasua unakuta kokwa limevishwa wavu mwekundu wa basibasi, wekundu wa kupakwa mdomoni. Pilipili manga hutambaa juu ya mti wa mwenzake. Mzingefuri una tunda la manyoya, ndani mbegu nyekundu, na dakika tano baadaye kila mtoto ana rangi mashavuni. Mchezo ni mmoja: fumba macho, nusa, taja. Mpwa wangu alinusa iliki akasema, "Hii ni nyumbani kwa bibi." Tukampa alama.

Je, wajua kuwa kuna kima Unguja anayekula makaa? Ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani kama aliyeamshwa ghafla, na duniani kote kwao asili ni Unguja tu. Punju maana yake ni sumu. Watu wa zamani walimchukia kwa harufu yake, wakaamini miti anayoila hufa. Chakula chake ni majani, na majani ya miembe na mikungu yana kemikali zinazosumbua tumbo, kwa hiyo huenda kwenye matanuri na visiki vilivyoungua, akatafuna kaa ili linyonye zile kemikali. Mtoto hujifunza kwa mama yake. Dole gumba hana, au ana kijinundu tu, na bado anaruka tawi hadi tawi bila kukosea.

Anaonekana Jozani, ndani ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Wamezoea watu kiasi cha kupita karibu na miguu yako, ila usiwaguse wala kuwalisha, maana maradhi yetu ni yao. Yale matuta ya barabarani yanayokurusha kichwa ukikaribia msitu yaliwekwa kwa ajili yao, baada ya wengi kugongwa na magari. Msilalamike.

Msivuke kurudi kwenye gari kabla ya kupita njia ya mbao kwenye mikoko. Hapa tena ulizia maji. Yakiwa yamekupwa mnaona mizizi imesimama kama miguu ya buibui na kaa wakikimbilia mashimoni. Yakijaa mnatembea juu ya msitu unaoelea. Waonyesheni watoto mbegu za mkoko zinavyoota zingali mtini, zikarefuka kama vijiti vya kijani, kisha zikadondoka na kuanza maisha matopeni. Karibu na hapo, Pete, kuna bustani ya vipepeo. Saa moja inatosha.

Je, wajua kuwa joto la mchanga ndilo linaloamua kasa azaliwe dume au jike? Mchanga wa moto huzaa majike, wa baridi madume. Kule Nungwi, Mnarani, wanakijiji wamekuwa wakiwatunza kasa kwenye dimbwi la asili linalojaa na kupwa na bahari tangu mwaka 1993. Wengi hunaswa kwenye nyavu za wavuvi. Wapo wageni wanaoingia kuogelea nao. Mimi huwashika wapwa zangu pembeni, maana kasa aliyechoka na nyavu hahitaji mtoto mgongoni. Mkitoka, shukeni ufukweni kwa mafundi wa majahazi. Hawana ramani ya karatasi. Utamkuta fundi anagongelea pamba yenye mafuta kwenye nafasi za mbao, kazi iitwayo kalafati, na ukisimama kimya anaweza kumpa mtoto nyundo.

Kuhusu pomboo wa Kizimkazi nasema kwa kifupi: ni wazuri, na wanasumbuliwa. Boti kumi zikimfukuza mnyama mmoja hiyo si matembezi. Mwambieni nahodha kabla ya kuondoka kwamba mnataka kutazama kwa mbali, injini polepole. Mkirudi pwani piteni msikiti wa Dimbani, ambao maandishi yake ya Kikufi yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107.

Je, wajua kuwa kisiwani Chumbe yuko kaa anayepanda miti? Kaa mnazi anaweza kufika kilo 4, hutoka usiku, na ana gando la kufumua nazi. Chumbe ni hifadhi ya matumbawe tangu 1994, ina mnara wa taa wa 1904, na wanafunzi wa Unguja hupelekwa huko kujifunza bahari. Pale wageni huenda wachache, kwa hiyo wekeni nafasi mapema.

Na kama likizo ni ya Julai, wajua Mwaka Kogwa? Makunduchi wanaume hutandikana kwa vigogo vya migomba kumaliza kinyongo cha mwaka mzima, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba wakizunguka uwanja, na mgeni hukaribishwa kula. Wakae nyuma kidogo watoto. Kigogo hakichagui.

Je, wajua kwa nini Pemba wana popo wasiokuwepo Unguja? Unguja ilikuwa imeungana na bara hadi miaka kama elfu kumi iliyopita, Pemba ilitengana zamani zaidi, na mkondo ulio kati yake na bara ni wa kina kirefu. Viumbe vya Pemba vikawa na muda wa kubadilika peke yao. Popo wa Pemba ana mabawa ya zaidi ya mita moja na nusu, uso wa mbwa, na anapenda embe kama mtu yeyote. Aliwahi kubaki na elfu chache tu kwa kuwindwa. Wanakijiji wa Kidike ni miongoni mwa waliomlinda, naye akaongezeka. Mchana utawaona wananing'inia kama miavuli iliyosahaulika.

Mafia iko mbali na safari hii, lakini kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja karibu na Kilindoni kula viumbe vidogo sana vya baharini. Meno yake hayana kazi kwako. Hiyo nimewawekea wapwa zangu wakifika miaka kumi.

Siku ya mwisho tulikwenda kwenye fungu la mchanga liitwalo Nakupenda, nje kidogo ya mji. Hakuna mti, hakuna nyumba, ni mchanga tu katikati ya bahari ya kijani, na hutokea maji yakikupwa. Nahodha alitandika turubai, akakata tikiti na nanasi, watoto wakajenga ngome ya mchanga yenye handaki. Tukiwa bado tunakula aliangalia maji, si saa, akaanza kukunja turubai. Mpwa wangu aliomba dakika tano. Akapewa. Tulipokuwa tumeshaketi kwenye mashua aligeuka kuitazama ngome, na palipokuwa na handaki palikuwa na wimbi. Safari hii hakuuliza bahari imeenda wapi. Aliuliza itaondoka tena saa ngapi.